Mchanga Mweusi wa Upare: Mpangilio wa Fuwele, Kumbukumbu ya Sumaku na Historia ya Uhunzi wa Ugweno

1. Utangulizi

Historia ya Ugweno, nchi ya kaskazini katika Milima ya Upare, imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na masimulizi ya koo. Kazi iliyoweka msingi huo ni ya Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kitabu chake juu ya historia ya kisiasa ya Wapare kuanzia takriban mwaka 1500 hadi 1900 kilichapishwa mwaka 1969. Kimambo alikusanya simulizi za wazee, akazilinganisha ukoo kwa ukoo, na akakadiria miaka kwa kuhesabu vizazi. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba jamii ambayo watawala wa kikoloni waliiona kuwa haina historia ilikuwa na dola, mageuzi ya kisiasa na migogoro ya madaraka karne kadhaa kabla ya Mjerumani kufika.

Katika simulizi hizo chuma kina nafasi ya pekee. Washana, ukoo unaohusishwa na uhunzi, ndio waliokuwa na mamlaka katika Ugweno kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Tangu hapo kumbukumbu rasmi ya nchi ilitunzwa chini ya utawala wa waliopindua. Mtafiti wa leo anakabiliwa basi na swali la ushahidi: je, kipo chanzo kingine kinachoweza kuzungumza juu ya kazi ya Washana bila kupitia kinywa cha mshindi?

Insha hii inajenga hoja kwamba chanzo hicho kipo katika udongo uliochomwa wa matanuri na katika mavi ya chuma yaliyobaki milimani. Inaonyesha pia kwamba thamani ya chanzo hicho, pamoja na mipaka yake, haieleweki mpaka ifahamike jinsi atomu zilivyopangwa ndani ya chembe ya magnetaiti, madini meusi yanayounda mchanga wa chuma. Mpangilio wa atomu ndio unaoamua mwelekeo wa sumaku ndani ya chembe. Mwelekeo huo ndio unaotunza habari za siku ambayo tanuri lilipoa.

2. Chuma na madaraka katika Ugweno

Milima ya Upare ni sehemu ya mlolongo wa Milima ya Tao la Mashariki. Inainuka kutoka nyanda kavu za Mkomazi upande wa mashariki na bonde la Mto Pangani upande wa magharibi. Upare Kaskazini, wenye Ugweno na Usangi, leo uko katika Wilaya ya Mwanga. Upare Kusini, wenye Mamba, Mbaga, Gonja na Chome, ambako kilele cha Shengena kinapita mita 2,400, uko katika Wilaya ya Same. Mpaka mwaka 1979 wilaya hizo mbili zilikuwa moja, Wilaya ya Pare.

Makazi ya wakulima waliotumia chuma katika milima hii ni ya zamani kuliko dola ya Ugweno. Uchunguzi wa Robert Soper uliochapishwa mwaka 1967 ulionyesha kwamba vyungu vya aina ya Kwale, vinavyohusishwa na wakulima wa mwanzo wa Zama za Chuma katika Afrika Mashariki, vinapatikana Upare Kusini tangu karne za mwanzo baada ya Kristo. Knut Odner naye alieleza mwaka 1971 mabaki ya Usangi na maeneo mengine ya Upare Kaskazini. Ustadi wa chuma ambao Washana walikuja kujulikana nao ulikuwa basi na mizizi mirefu katika eneo zima.

Madini yaliyotumika Ugweno hayakuchimbwa kwenye mashimo marefu. Yalikuwa mchanga mweusi uliokusanywa kwenye vijito. Miamba ya Upare ni ya kale sana, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ndani ya ardhi. Mvua inapoimomonyoa, chembe nyepesi za kwazi na udongo huchukuliwa mbali na maji, nazo chembe nzito za chuma hubaki nyuma katika mikunjo ya kijito. Mkusanyaji alizitenga zaidi kwa kuziosha, akitegemea uzito wake na rangi yake. Katika tanuri mchanga huo ulichanganywa na makaa, mivukuto ikapuliza hewa kupitia mabomba ya udongo, na mwisho wake yakapatikana mambo mawili: bonge la chuma lililohitaji kufuliwa na mhunzi, na mavi ya chuma yaliyotupwa kando.

Bonge hilo lilikuwa chanzo cha jembe, shoka, mkuki na mapanga. Lilikuwa pia bidhaa ya biashara. Wachaga wa Kilimanjaro, majirani wa upande wa kaskazini-magharibi, walikuwa na wahunzi hodari lakini walitegemea chuma cha Ugweno. Aliyesimamia uyeyushaji alikuwa basi anasimamia kilimo cha nyumbani na silaha za majirani kwa pamoja. Ni katika muktadha huo simulizi za Washana kuwa watawala zinapoeleweka. Mapinduzi ya Wasuya, ambayo Kimambo aliyahusisha na Angovi na kuyaweka karibu na mwanzo wa karne ya 16, hayakuufuta uhunzi. Yalitenganisha uhunzi na utawala. Mranga, mwana wa Angovi, anakumbukwa kuwa ndiye aliyeipa dola mpya muundo wake, akiutumia pia mfumo wa jando na mafunzo ya vijana kuwaunganisha watu chini ya mamlaka moja. Washana wakabaki na nyundo, Wasuya wakashika nchi.

Hapa ndipo penye ugumu. Je, uyeyushaji uliongezeka chini ya Wasuya au ulipungua? Je, matanuri yalihama kutoka bonde moja kwenda jingine baada ya mapinduzi? Je, chuma kingi kilichokwenda Uchagani kilitoka katika karne ya 16, au ni matokeo ya mahitaji ya karne ya 18 na 19, wakati misafara ya Pangani ilipopita chini ya milima? Hesabu ya vizazi inaweza kupotoka kwa miongo mingi. Nayo njia ya radiokaboni, inayopima umri wa makaa, hukutana na tatizo lake katika karne hizo hizo: kati ya takriban mwaka 1650 na 1950 mstari wa ulinganisho wake hupanda na kushuka kiasi kwamba kipimo kimoja kinaweza kulingana na miaka kadhaa iliyo mbali mbali. Zaidi ya hayo, makaa ya mti mzee hutoa umri wa mti, si umri wa moto. Kwa hiyo kipindi ambacho ni muhimu kuliko vyote kwa dola ya Ugweno ndicho ambacho saa ya kawaida ya akiolojia inasoma kwa shida.

3. Ndani ya chembe: vyumba viwili vya ayoni

Magnetaiti ni oksidi ya chuma yenye ayoni tatu za chuma kwa kila ayoni nne za oksijeni. Muundo wake ulitambuliwa mwaka 1915, W. H. Bragg alipotumia eksirei kuchunguza fuwele za kundi la spineli. Kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya fuwele hiyo ni mchemraba wenye upande wa takriban nanomita 0.84, na ndani yake mna ayoni 32 za oksijeni na ayoni 24 za chuma.

Ayoni za chuma hazikai mahali pa aina moja. Nane kati yake hukaa katika nafasi ndogo, kila moja ikizungukwa na oksijeni nne. Kumi na sita hukaa katika nafasi kubwa zaidi, kila moja ikizungukwa na oksijeni sita. Nafasi hizo zinaweza kuitwa vyumba: chumba cha jirani wanne na chumba cha jirani sita. Tofauti hii ya ujirani, iliyo ndogo kuliko kitu chochote ambacho mhunzi wa Ugweno angeweza kukiona, ndiyo chanzo cha sumaku ya mchanga wake.

Kila ayoni ya chuma ina elektroni zenye spini, yaani tabia ya kiasili inayozifanya ziwe kama sumaku ndogo mno. Spini za ayoni mbili za chuma haziathiriani moja kwa moja. Huathiriana kupitia oksijeni iliyo katikati. Nguvu ya athari hiyo hutegemea pembe. Kati ya chumba cha jirani wanne na chumba cha jirani sita, pembe inayopita kwenye oksijeni ni takriban digrii 125, na katika pembe hiyo spini hulazimishwa kuelekea pande zinazopingana. Kati ya vyumba viwili vya jirani sita pembe ni karibu na digrii 90, na athari yake ni dhaifu. Kwa hiyo spini zote za vyumba vya kwanza huelekea upande mmoja, na zote za vyumba vya pili huelekea upande wa kinyume.

Louis Néel alieleza jambo hili mwaka 1948. Kama pande mbili zingekuwa sawa, magnetaiti isingekuwa na sumaku ya nje hata kidogo. Lakini vyumba vya jirani sita ni mara mbili ya vile vya jirani wanne, na ayoni zilizomo ni za aina mbili: zilizopoteza elektroni tatu na zilizopoteza mbili. Ayoni za elektroni tatu hugawanyika sawasawa kati ya vyumba viwili na kubatilishana. Zinazobaki ni ayoni za elektroni mbili, na hizo ndizo zinazoipa magnetaiti nguvu yake. Mwaka 1951 C. G. Shull na wenzake walitumia miali ya nyutroni kuthibitisha mpangilio huo, na Néel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Jambo la pili linalotokana na fuwele ni kwamba spini hazielekei popote pale. Katika joto la kawaida hupendelea kulala sambamba na mshazari unaounganisha pembe mbili za mchemraba zinazokabiliana. Ili spini zigeuke kutoka mshazari mmoja hadi mwingine sharti zivuke kizuizi cha nishati. Kizuizi hicho ndicho kinachofanya kumbukumbu iwezekane. Bila kizuizi, kila badiliko dogo la uga wa sumaku wa dunia lingefuta lililoandikwa jana.

Kwamba ujirani wa atomu ndio unaotawala hudhihirika zaidi chembe inapopozwa sana. E. J. W. Verwey alionyesha mwaka 1939 kwamba karibu na nyuzijoto 150 chini ya sifuri za Selsiasi magnetaiti hubadili ghafla tabia yake ya umeme. Mchemraba hupinda kidogo, na njia zinazopendelewa na spini hubadilika nazo. Mwaka 2012 kundi la J. Paul Attfield lilionyesha kwamba katika hali hiyo ayoni za chuma husogeleana tatu tatu kwa mstari. Tukio hili lina faida ya vitendo: sampuli ya udongo uliochomwa ikipozwa maabara, kuruka kwa usumaku wake katika joto hilo huonyesha kwamba mtunzaji wa kumbukumbu ni magnetaiti iliyo karibu na usafi, si oksidi nyingine.

4. Titani: mgeni katika vyumba

Mchanga mweusi wa vijito vya nchi yenye miamba ya aina ya Upare kwa kawaida hauwi magnetaiti peke yake. Huchanganyika na ilmenaiti, oksidi ya chuma na titani, na magnetaiti yenyewe inaweza kubeba titani ndani ya fuwele yake. Ayoni ya titani huingia katika vyumba vya jirani sita. Haina spini ya kuchangia, na kuwemo kwake hulazimisha ayoni nyingine ya chuma ibadilike ili chaji ziwe sawa. Matokeo yake ni kwamba mnyororo wa kupingana kati ya vyumba viwili hukatika hapa na pale.

Athari yake hupimika kwa joto. Magnetaiti safi hupoteza mpangilio wa spini zake ikifika nyuzijoto 580. Kadiri titani inavyoongezeka, ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka, mpaka spineli iliyojaa titani inakuwa haina sumaku ya kudumu kabisa katika joto la kawaida. Iwapo fuwele itapoa polepole au kupata oksijeni, titani inaweza kujitenga na kufanya tabaka nyembamba za ilmenaiti zinazoikata magnetaiti vipande vipande. Chembe moja kubwa hugeuka kuwa mkusanyiko wa vijichembe, kila kimoja na tabia yake ya sumaku.

Kwa mwanahistoria wa uhunzi jambo hili lina maana mbili. Kwanza, titani haiyeyushwi kuwa chuma katika tanuri la makaa. Hubaki katika mavi ya chuma, ambamo hufanya fuwele mpya za spineli. Uwiano wa titani katika mavi ya matanuri mawili unaweza basi kusaidia kuonyesha kama wahunzi walichota mchanga kijito kimoja au vijito tofauti, na kwa hiyo kama haki ya kukusanya mchanga ilibaki mikononi mwa watu walewale. Pili, usumaku wa mavi hayo hauwezi kusomwa kana kwamba ni wa magnetaiti safi. Anayepima bila kujua titani iko wapi ndani ya fuwele anaweza kuichukulia kumbukumbu ya joto la chini kuwa ndiyo kumbukumbu ya tanuri zima.

5. Ukubwa wa chembe na mduara wa spini

Mpangilio wa vyumba peke yake hautoshi kueleza kumbukumbu. Ukubwa wa chembe nao una neno. Chembe ya magnetaiti ndogo kuliko takriban nanomita 80 huwa na spini zote zikielekea njia moja, kama kikosi kilichosimama gwaride. Isipokuwa ikiwa ndogo kupita kiasi, hushika kumbukumbu kwa uthabiti. Chembe kubwa ya mikromita nyingi hugawanyika katika maeneo, kila moja na mwelekeo wake, na mipaka kati ya maeneo husogea kwa urahisi. Kumbukumbu yake ni hafifu.

Kati ya hizo mbili kuna chembe za ukubwa wa kati, na hizi ndizo nyingi katika udongo uliochomwa na katika miamba. Kwa muda mrefu tabia yake ilikuwa fumbo: ni kubwa mno kuwa na mwelekeo mmoja, lakini zinakumbuka vizuri kuliko zilivyotazamiwa. Hesabu za kompyuta za Wyn Williams na David Dunlop zilizochapishwa mwaka 1989, na nyingine za miaka hiyo, zilionyesha kwamba ndani ya chembe hizo spini hujipanga kwa mduara, zikizunguka kitovu kama maji yanavyozunguka yanapozama, huku kitovu chenyewe kikielekeza njia moja. Mpangilio huo hupunguza nguvu inayopotea nje ya chembe. Mwaka 2017 Lesleis Nagy na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba, ukiacha kipimo finyu cha ukubwa ambamo mduara si imara, kitovu hicho kinaweza kudumisha mwelekeo wake kwa muda unaolingana na umri wa miamba ya kale.

Kitovu cha mduara hakiko huru. Huvutwa na mishazari ya fuwele kwa upande mmoja, na umbo la chembe kwa upande mwingine. Panapokuwa na tabaka la ilmenaiti, ufa, au eneo lililoliwa na oksijeni, kitovu hunaswa hapo. Kwa maneno mengine, kasoro ndogo ya fuwele, inayoweza kuonekana kama upungufu, ndiyo mara nyingi inayoimarisha kumbukumbu.

6. Tanuri kama hati

Kuta za tanuri la kuyeyushia chuma hupata joto linalozidi nyuzijoto 1,000 karibu na mabomba ya hewa. Katika joto hilo hakuna mpangilio wa spini unaosalia. Moto unapozimwa na udongo kupoa, spini za magnetaiti hujipanga upya kuanzia nyuzijoto 580 kushuka chini, zikipendelea kidogo upande wa uga wa sumaku wa dunia wa siku hiyo. Udongo ukipoa kabisa, upendeleo huo hufungwa. Ukuta wa tanuri unakuwa umeandika mambo mawili: uelekeo wa uga wa dunia mahali pale, na nguvu yake.

Tanzania ina mfano mashuhuri wa usomaji wa hati za namna hii katika miamba. Mwaka 1963 C. S. Grommé na R. L. Hay walichapisha vipimo vya lava iliyo chini ya tabaka za Bonde la Olduvai. Waligundua kwamba ilipopoa, uga wa dunia ulikuwa umeelekea kama ulivyo leo, ingawa kipindi kirefu kilichoizunguka kilikuwa na uga uliogeuka. Kipindi hicho kifupi, karibu miaka milioni 1.9 iliyopita, kimepewa jina la Olduvai katika kalenda ya sumaku inayotumiwa na wanajiolojia ulimwenguni kote. Chembe zilizoipa Olduvai jina hilo ni za familia ileile ya madini yaliyomo katika mchanga wa Ugweno.

Kwa karne za karibuni mabadiliko ya uga ni madogo, lakini yanapimika. Kusini mwa Afrika, John Tarduno na wenzake walichapisha mwaka 2015 vipimo vya sakafu za udongo zilizoungua za wakulima wa Zama za Chuma katika bonde la Limpopo, na wakaonyesha kwamba nguvu ya uga ilishuka kwa kasi katika karne kadhaa kabla ya mwaka 1600. Vibanda vya wakulima vilivyoteketea viligeuka kuwa chanzo cha sayansi ya dunia nzima.

Kwa Ugweno kuna msaada mwingine, nao unatoka baharini. Mabaharia wa Ulaya waliopita pwani ya Afrika Mashariki kwenda Bara Hindi walipima mkengeuko wa dira ili wasipotee. João de Castro alifanya vipimo hivyo katika safari yake ya kwenda Goa mwaka 1538. Mwaka 2000 Andrew Jackson na wenzake walitumia maelfu ya kumbukumbu za namna hiyo kuunda ramani ya uga wa dunia kuanzia mwaka 1590 hadi 1990. Sehemu kubwa ya enzi ya dola ya Wasuya iko ndani ya kipindi hicho. Daftari za manahodha waliopita pwani bila kuijua Ugweno zinaweza basi kuwa kipimo cha kulinganishia kuta za matanuri ya Washana, katika karne zilezile ambazo radiokaboni inasitasita.

Hoja hii haidai kwamba sumaku itatoa mwaka kamili. Ramani ya mabaharia ina nguvu zaidi juu ya uelekeo kuliko juu ya ukali wa uga, kwa sababu ukali haukupimwa moja kwa moja mpaka karne ya 19. Aidha, uelekeo mmoja unaweza kulingana na zaidi ya mwaka mmoja. Lakini swali la mwanahistoria si lazima liwe la mwaka kamili. Kujua kwamba kundi la matanuri la bonde moja lilizimwa kabla ya kundi la bonde jingine kunatosha kujaribu simulizi ya kuhama kwa wahunzi, na kuona kama kupotea kwa utawala kuliambatana na kupotea kwa kazi.

7. Masharti ya ushahidi

Ushahidi huu una masharti matatu, na kila sharti linarudi kwenye fuwele.

La kwanza ni mahali. Uelekeo unasomeka tu pale ambapo kitako cha tanuri hakijasogezwa. Milima ya Upare ina watu wengi na kilimo cha miteremko; jembe, mmomonyoko wa udongo na ujenzi wa nyumba hung'oa vitako hivyo. Mavi ya chuma na vipande vya mabomba vilivyokwisha kuhamishwa havipotezi kila kitu, kwa kuwa ukali wa uga husomeka hata katika kipande kilichogeuzwa. Emile na Odette Thellier waliweka mwaka 1959 utaratibu wa kuusoma: sampuli hupashwa moto hatua kwa hatua na kupozwa katika uga unaojulikana, na kumbukumbu ya zamani hulinganishwa na mpya.

Sharti la pili ni aina ya chembe. Utaratibu wa Thellier hufanya kazi vizuri kwa chembe za mwelekeo mmoja, na hupotosha katika chembe kubwa zilizogawanyika maeneo. Sehemu ya ukuta iliyopata hewa nyingi huwa nyekundu kwa hemataiti. Ile iliyokosa hewa huwa ya kijivu na huweza kuwa na magnetaiti nyingi zaidi. Sampuli mbili za tanuri moja zinaweza basi kutoa majibu tofauti kwa sababu ya kemia tu. Mchukua sampuli anayeandika rangi na umbali kutoka kwenye bomba la hewa anakuwa amefanya nusu ya kazi ya maabara.

Sharti la tatu ni mkono wa mjenzi. Udongo uliokandwa na kubanwa hulaza chembe ndefu sambamba na ukuta, na chembe hizo hupindisha uelekeo unaoandikwa. Hitilafu hiyo inaweza kupimwa na kusahihishwa. Inaweza pia kusomwa kwa faida, maana inaonyesha jinsi ukuta ulivyojengwa.

Mwaka 2018 Louise Iles, Daryl Stump na wenzao walichapisha uchunguzi wa uzalishaji wa chuma katika Upare Kaskazini, wakiunganisha uchambuzi wa mabaki ya uyeyushaji na historia ya udongo wa miteremko. Kazi hiyo inaonyesha kwamba mabaki ya wahunzi si taka. Ni kumbukumbu ya mandhari na ya watu. Uchunguzi wa sumaku ungeongeza katika msingi huo kipimo cha wakati.

8. Hitimisho

Uyeyushaji wa chuma Upare ulififia bidhaa za chuma zilipozidi kuja kutoka pwani, kisha chini ya utawala wa kikoloni na baada ya reli ya Tanga kupita Same kuelekea Moshi, ambako ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Wahunzi waliendelea kufua chuma kilichokwisha kuyeyushwa kwingine. Kilichobaki milimani ni mavi meusi, vipande vya mabomba na duara za udongo mwekundu, vitu ambavyo mkulima huvitupa pembeni ya shamba.

Insha hii imeonyesha kwamba vitu hivyo vinabeba habari kwa sababu mahususi. Ayoni za chuma hukaa katika vyumba vya aina mbili. Pembe kati ya vyumba hivyo hupinganisha spini. Mishazari ya fuwele huweka kizuizi. Titani, umbo na kasoro huamua kama spini zitalala kwa njia moja, kwa maeneo, au kwa mduara. Na hayo yote kwa pamoja huamua kama siku ya kuzimwa kwa tanuri itakumbukwa au itasahauliwa. Mhunzi wa Kishana alichagua mchanga wake kwa uzito na rangi, na tabia zote mbili ni za madini yaleyale yaliyoandika kazi yake.

Simulizi za Ugweno hazihitaji kuthibitishwa na maabara ili ziheshimiwe. Kimambo alikwisha kuonyesha uzito wake. Hata hivyo, simulizi zilizotunzwa chini ya ukoo uliotawala zina haja ya shahidi asiye wa ukoo wowote. Shahidi huyo yuko ardhini, na kila kitako cha tanuri kinachong'olewa kabla ya kupimwa kinaondoka na sehemu ya ushahidi wa watu waliopoteza nchi lakini wakaendelea kuipatia majembe. Kwa hiyo pendekezo linalotokana na insha hii ni la mpangilio wa kazi: kabla ya sampuli kwenda maabara, vitako vya matanuri vya Mwanga na Same viorodheshwe kwa ushirikiano na wazee wa koo, uelekeo wake uandikwe vikiwa bado mahali pake, na simulizi ya kila tanuri irekodiwe pamoja na sampuli yake.